Banda Kwanza, Sungura Baadaye

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili wamekwisha kusikia habari za sungura tangu walipokuwa wakipakatwa na bibi zao. Sungura wa hadithi ni mwerevu. Humlaghai Simba, humcheka Fisi, na kila akitiwa mtegoni hupata njia ya kutoka. Kwa hiyo mtoto anunuapo sungura wake wa kwanza hudhani amepata mnyama asiyeshindwa na jambo lolote. Mimi nami nilidhani hivyo, na kwa kosa langu hilo sungura wangu wa kwanza alikufa kabla hajatimiza siku moja nyumbani kwetu.

Ulikuwa mwezi wa Februari, wakati wa joto la kaskazi. Nilikuwa nimejiwekea fedha kidogo kidogo, nikamnunua sungura mweupe, nikamleta nyumbani jioni nikiwa nimempakata. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza atalala wapi. Nikapata bokisi la mbao, nikalifunika kwa kipande cha bati, nikaliegemeza ukutani upande wa baharini, maana huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Nikamtilia karoti mbili na kipande cha mkate. Asubuhi nikaenda skuli. Siku hiyo tulikuwa na masomo ya alasiri, na niliporudi jua lilikuwa limekwisha kuinamia baharini, likilipiga lile bokisi sawasawa. Bati lilikuwa haligusiki kwa moto. Sungura alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, amekwisha kufa.

Babu alinisaidia kumzika chini ya mwembe. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mjukuu wangu, umenunua sungura, lakini hukumnunulia kivuli." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Ilipita miezi minne kabla sijapewa ruhusa ya kumleta mwingine. Katika muda huo nilimwuliza bwana mifugo, nilimwuliza mwalimu wetu wa sayansi, na nilikwenda kutazama mabanda ya watu wanaofuga. Niliyojifunza nayaandika hapa, ili yule atakaye kufuga sungura wake wa kwanza asijifunze kwa kuzika.

SUNGURA HUYU NI NANI

Kwanza yafaa tujue kwamba sungura wa hadithi na sungura wa banda si mnyama mmoja, ingawa sisi twawaita kwa jina moja. Sungura wa porini wa Afrika huishi juu ya ardhi. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yao yamefumbuka, na adui akija hutegemea mbio. Ama sungura wa kufugwa, asili yake ni nchi za Spania na Ureno huko Ulaya. Wazee wake huchimba mashimo marefu ardhini, wakakaa humo kwa makundi. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, na macho hufumbuka baada ya siku 10 hivi.

Sote tumepata kuingia katika lile pango la maji hapa Mangapwani. Husimuliwa kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyetumbukia humo. Ukishuka pangoni mchana wa jua kali, unahisi ubaridi umekupokea, na juu yako nchi yote inaungua. Basi sungura naye kwa asili yake mchana huwa shimoni, katika kiza na ubaridi kama ule, na hutoka kula alfajiri na magharibi. Sisi tunamtoa shimoni mwake tukamweka juu ya ardhi, katika nchi ambayo joto la mwezi wa Januari na Februari hufika nyuzi 32 za Sentigredi na kuzidi. Yeye hawezi kutoka jasho kama sisi. Joto la mwili wake hulitoa zaidi kwa masikio, ambayo yamejaa mishipa ya damu, lakini hewa ikiwa moto sana hata masikio hayamfai kitu. Joto likipita nyuzi 30, sungura asiye na kivuli na upepo yumo katika hatari.

Ukilifahamu jambo hili moja, umefahamu nusu ya kazi yote. Kumfuga sungura katika Unguja ni kumtafutia badala ya lile shimo tulilomnyima.

MASHAURI YA NYUMBANI

Kabla hujatoa fedha, zungumza na watu wa nyumbani. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili tulikaa barazani baada ya Isha, Babu, Mama, mdogo wangu na mimi, tukaulizana maswali manne.

Swali la kwanza lilikuwa ni la muda. Sungura akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 10, na wengine huzidi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akimnunua leo, sungura huyo huenda bado yu hai wakati mwanafunzi amemaliza masomo, amepata kazi, au amehama kijiji. Je, nani atamrithi? Mdogo wangu alisema yeye, tukakubaliana.

Swali la pili lilikuwa ni la kazi. Nani atampa maji kabla ya kwenda skuli? Nani atakata majani? Nani atafagia banda siku za mitihani, siku za mvua, na siku ya sikukuu wakati kila mtu amevaa nguo mpya? Tuliziandika zamu zetu katika karatasi, tukaibandika nyuma ya mlango wa jikoni.

Swali la tatu lilitoka kwa Mama. Alitaka kujua sungura yule ana faida gani, maana kuku hutaga na mbuzi hutoa maziwa. Nilimjibu kwamba samadi ya sungura ni mbolea njema sana, na haiunguzi mimea hata ikitiwa ikiwa mbichi. Mama ana matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, basi jawabu hilo lilimpendeza.

Swali la nne aliuliza Babu. "Wa kula au wa kufuga?" Nyumba nyingine huwafuga sungura kwa kitoweo, na hilo si aibu. Lakini ni lazima jambo hili liamuliwe mwanzo na kila mtu alijue. Mtoto akimpa mnyama jina, akamlisha kwa mkono wake, kisha siku moja akamkuta chunguni, hatasahau. Sisi tuliamua wa kufuga.

Kila mtoto wa chuoni amepata kusikia habari ya mwanamke aliyemfunga paka, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie, akaadhibiwa kwa ajili yake. Babu alitukumbusha habari hiyo usiku ule. Mnyama aliyefungiwa hana njia nyingine ila mkono wako, na ukimsahau wewe hana wa kumkumbuka.

BANDA

Banda lijengwe kwanza, likauke, na kila kitu kiwe mahali pake kabla sungura hajaletwa. Sisi tulilijenga kwa wiki tatu, siku za mapumziko.

Mahali ndipo penye siri yote. Chagua chini ya mti wenye kivuli kizito kama mwembe, lakini si chini ya mnazi, kwa sababu nazi na makuti yakianguka ni hatari. Hapa kwetu Mangapwani bahari iko magharibi, na jua la alasiri hutujia kutoka huko bila kizuizi. Kwa hiyo mgongo wa banda uwe upande wa bahari. Uso wake uelekee kaskazini-mashariki, upate upepo wa kaskazi wakati wa joto, na mvua inayokuja na upepo wa kusini ipige mgongoni. Tena usilijenge karibu mno na ufuo kwa kutamani upepo. Chumvi ya bahari hula waya na misumari, na mlango ulioliwa na kutu hufunguka wenyewe usiku mmoja.

Kwa sungura wawili wa kiasi, banda letu lina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 75. Kipimo chepesi cha kukumbuka ni hiki: sungura aweze kuruka mara tatu bila kugonga ukuta, na aweze kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio yake kugusa dari. Hata hivyo banda pekee halitoshi. Kila siku watolewe katika kiwanja kilichozungushiwa uzio, asubuhi au jioni, kwa saa kadhaa, na mtu awe karibu.

Nguzo tulitumia miti ya mvinje. Banda limeinuliwa kutoka chini kiasi cha mita 1, ili unyevu wa masika usipande na ili ufagizi uwe mwepesi. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo, maana siafu wakipata njia huweza kuwaua watoto wa sungura kwa usiku mmoja. Makopo hayo hayana budi kutazamwa kila wiki, kwani maji hukauka, na jani moja likianguka juu ya kopo huwa daraja.

Sakafu tuliweka mbao nyembamba zenye nafasi ndogo kati yake, mkojo upite, na juu yake tukatandika nyasi kavu. Sakafu ya waya mtupu haifai. Nyayo za sungura hazina ngozi ngumu kama za paka, ila zimefunikwa kwa manyoya, na waya huzitia vidonda visivyopona upesi.

Mbele tulipiga waya wa matundu ulio imara. Ule waya mwembamba wa kufugia kuku humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii mbwa kuingia. Adui wa sungura hapa kisiwani ni wengi: mbwa, paka, cheche, panya wakubwa, na chatu. Cheche hupita penye tundu dogo usilolidhania. Kwa hiyo mlango uwe na komeo mbili, na kila magharibi mtu ahakikishe kwa mkono, si kwa macho.

Mwisho ni paa. Bati hudumu, lakini nimekwisha kusimulia lilivyonifanya. Makuti huweka ubaridi, hupitisha hewa, na mafundi wake tunao kila kiambo. Babu aliyaezeka kwa mkono wake, akayapishanisha mara mbili, na upenu wake akauteremsha sana ili mvua isiingie. Ndani, pembe moja ya banda, tuliweka sanduku la mbao lenye mlango mdogo na kiza ndani yake. Hilo ndilo shimo lao. Wakiogopa radi au mbwa hukimbilia humo.

CHAKULA NA MAJI

Watu wengi, nikiwamo mimi wa zamani, hudhani chakula cha sungura ni karoti. Karoti kwake ni kama halua kwetu. Kidogo ni starehe, nyingi ni ugonjwa. Chakula chake hasa ni nyasi. Kama utayagawa malisho yake mafungu matano, manne yawe nyasi, mbichi na kavu.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na yale ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kila wiki. Nyasi ngumu huyasaga. Asipopata nyasi, meno hurefuka, yakapinda, yakamchoma kinywani, hata asiweze kula. Sababu ya pili ni tumbo. Utumbo wake umeumbwa uwe unafanya kazi usiku na mchana, na nyasi ndizo zinazousukuma. Tena sungura hawezi kutapika. Kitu kibaya kikiingia hakina njia ila kupita mwili mzima.

Hapa yafaa nitaje jambo linalowashangaza wengi. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kimoja ni kikavu, cha mviringo, nacho ndicho tunachokifagia. Kingine ni laini, hukitoa aghalabu wakati wa usiku au alfajiri, naye hukila papo hapo. Usimzuie wala usidhani ni mgonjwa. Humo mna vyakula ambavyo tumbo halikuvipata mara ya kwanza, naye hukirudia kama vile mbuzi anavyocheua.

Sisi hukata ukoka na majani mengine ya nyasi, mengine tukayaanika kivulini chini ya upenu mpaka yakauke, kuwa akiba ya siku za mvua. Nyasi zilizoanikwa juani sana hubaki kama makapi, na zilizokusanywa zikiwa mbichi huota ukungu, nao ni sumu. Juu ya nyasi, kila siku tunampa kila mmoja konzi ya majani: matembele, majani ya kunde, mnanaa, kotmiri, na mchicha kidogo. Mara mbili kwa wiki hupata kipande cha karoti au papai kisichozidi kidole gumba.

Usimpe wali, mkate, biskuti, sukari, wala maharage makavu. Na yako majani ambayo hayafai hata moja: majani ya tungule, ya mbatata, ya mparachichi na ya mbarika. Vitunguu navyo vina sumu kwake. Kisamvu kibichi pia usimpe, kwani kina sumu ambayo sisi huiondoa kwa kukitwanga na kukipika, naye hana kinu wala chungu. Majani yaliyopigwa dawa ya wadudu, au yaliyokatwa kando ya barabara penye moshi wa magari, yaache hapo hapo.

Maji yawe safi na yawe yapo saa zote. Sungura wa kilo 2 wakati wa joto huweza kunywa robo lita kwa siku, na pengine zaidi. Tumia bakuli zito la udongo, kwa sababu la plastiki hulipindua akakaa na kiu mpaka urudi. Nasi tuliweka mabakuli mawili, moja kila upande, ili likimwagika moja libaki jingine.

KUMCHAGUA NA KUMLETA

Banda likiwa tayari, nenda kwa mfugaji ukayaone mabanda yake kabla ya kumtazama sungura. Banda likinuka, rudi nyumbani. Usichukue mtoto aliye chini ya wiki 8, hata ukiambiwa amekwisha kuacha kunyonya, maana tumbo lake bado changa.

Mtazame macho, yawe yanang'aa na hayatoki machozi. Mtazame ndani ya masikio, pasiwe na magamba, kwani hiyo ni dalili ya wadudu wa ukurutu. Mtazame nyuma, pawe pakavu na safi. Kisha igeuze miguu yake ya mbele uitazame kwa ndani. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo, na manyoya yakiwa yamegandana hapo, ana maradhi hata kama pua imefutwa ikawa kavu.

Sungura hapendi upweke. Wazee wake waliishi kwa makundi, naye akiwa peke yake huzubaa. Lakini madume mawili hupigana mpaka wakaumizana vibaya, na dume na jike watakupa watoto usiowatarajia. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne, mimba ni siku 31 hivi, na uzazi mmoja huweza kuwa na watoto wanne hadi wanane au zaidi. Kwa mwanzo bora ni majike mawili ya uzazi mmoja, waliokua pamoja. Mwambie mfugaji au bwana mifugo awahakikishe, kwani wakiwa wadogo ni rahisi kukosea.

Na wakizidi usiwaachie kichakani. Mwaka 1859 bwana mmoja wa Kiingereza, jina lake Thomas Austin, aliachia sungura wachache katika shamba lake huko Victoria, Australia, ili apate wa kuwinda. Katika muda wa miaka michache walikuwa mamilioni, wakala malisho ya kondoo na mazao ya wakulima, na mpaka leo nchi ile haijawamaliza. Kisiwa chetu ni kidogo.

Siku ya kuwaleta ondoka mapema asubuhi, kabla ya jua kupanda. Chombo kizuri ni pakacha lenye kifuniko, maana hupitisha hewa. Tandika nyasi ndani, na omba kwa mfugaji konzi mbili tatu za chakula walichozoea. Katika daladala mpakate mwenyewe. Usikubali apandishwe juu ya gari wala asukumwe chini ya kiti penye joto la injini.

SIKU ZA KWANZA

Wakifika, waweke bandani uondoke. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu watoto wote wa jirani watakuja kutaka kuwashika. Sisi tuliwaomba wangoje siku tatu, na Babu aliweka kiti chake mbele ya banda kama mlinzi. Sungura ni mnyama anayewindwa na kila mnyama, basi kila mkono mpya kwake ni ukucha. Kelele na hofu humfanya aache kula, na sungura aliyeacha kula hayuko mbali na kifo.

Mpe chakula kile kile alichokuwa akila, kisha ubadilishe kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi hivi. Siku ya nne kaa karibu naye bila kumshika. Soma kitabu chako hapo. Atakuja mwenyewe kukunusa. Akipiga mguu chini kwa kishindo, anakuonya kwamba ameogopa. Akiruka juu akajipinda hewani, amefurahi, nawe unaweza kufurahi pamoja naye.

Usimwinue kwa masikio hata siku moja. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo sokoni, na ni ukatili. Tia mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umwegemeze kifuani mwako. Mifupa yake ni myepesi na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akining'inia akapiga teke, huweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Kwa hiyo watoto wadogo wamshike wakiwa wamekaa chini.

MARADHI NA JOTO

Sungura huficha ugonjwa, maana porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Basi mtazame kila asubuhi kwa mambo matatu: amekula, amekwenda choo, na anatembea vizuri? Akipitisha saa 12 hajala wala hajatoa kinyesi, usingoje kesho, mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Akiwa mchafu nyuma, msafishe upesi, maana nzi hutaga hapo na funza huingia mwilini. Wala usimpe vidonge vya watu. Ziko dawa, kama vile za jamii ya penisilini, ambazo kwetu ni tiba, lakini sungura akizimeza huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na yeye hufa.

Ama joto, lijue kabla halijamwangusha. Akihema kwa haraka, masikio yakawa ya moto, akajinyoosha asitake kuinuka, mtoe upesi mpeleke mahali penye kivuli na upepo. Lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umpe maji ya kunywa bila kumlazimisha, kisha mtafute bwana mifugo. Siku za joto kali sisi hujaza maji katika chupa ya plastiki, tukaigandisha katika friji ya jirani, tukaifunga kitambaa na kuiweka bandani. Huja wote wawili wakajilaza ubavuni mwake.

Sasa sungura wetu wana mwaka na zaidi. Wamepita kaskazi moja nzima chini ya makuti ya Babu, na mchicha wa Mama umekuwa mnene hata majirani wanaomba mbegu. Mwembe uliowapa kivuli ni ule ule tuliomzikia yule wa kwanza. Kila nikipita na bakuli la maji namkumbuka, kwani hakufa kwa ugonjwa wala kwa adui. Alikufa kwa sababu mimi nilikuwa na haraka.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika habari hii mjukuu ni mimi. Wewe unayesoma, ikiwa fedha unazo mfukoni na sungura umekwisha kumwona, mwache kwa mfugaji wake mwezi mmoja zaidi. Nenda ukaangalie jua linapiga wapi nyumbani kwenu saa tisa alasiri. Anza hapo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu